Sikutupwa, Mdogo Wangu

Makao ya Wazee,
Bawa la Wanawake, chumba cha mwisho upande wa bustani.
Jumapili asubuhi, tarehe nane.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi dada yako, mtu mzima mwenye nyonga moja ya kuzaliwa nayo na nyingine ya chuma. Hujambo? Magoti yanasemaje? Nataka unijibu kweli, maana kila nikikuuliza habari za magoti unanipa habari za hali ya hewa. Na mapacha wa binti yako, wameshaanza shule? Waambie bibi yao mkubwa anataka picha ambayo wote wawili wanatazama mbele, si ile mliyonitumia ambayo mmoja kageuka, nikabaki nambusu kisogo.

Mimi mzima. Nakula, nalala, nagombana. Presha imetulia, macho yanatosha kusoma kwa miwani. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenisimamia kichwani, na bahasha nitailamba na kuifunga mwenyewe. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua utakavyoisoma: utatafuta mahali nilipotishwa. Usijisumbue. Tangu lini mimi nikatishwa?

Barua yako niliipata. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, kisha nikaisukumiza chini ya mto mpaka nipate maneno ya kukujibu kwa adabu. Unasema umesikia kwa shemeji yetu kwamba mwanangu amenitupa. Unasema haiwezekani mama mwenye mtoto aliye hai akalelewa na watu wa mshahara. Unasema utanikatia tiketi nije nikae kwako. Kwa hilo la tiketi, ahsante sana, na najua limetoka moyoni. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze mwanzo, maana shemeji anapenda kusimulia sinema kuanzia katikati.

Nilipotoka hospitali na nyonga mpya nilirudi kwa mwanangu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Ngazi zile nilipandishwa nimekalia kiti, majirani wawili wamenibeba kama bibi harusi, na tangu siku hiyo sikushuka tena. Mwanangu anatoka alfajiri kwenda kiwandani. Mkwe wangu anamfuata nyuma kwenda dukani, kwenye mashine yake ya kupokelea fedha. Mjukuu yuko shule. Mlango ukishafungwa nabaki mimi na jokofu. Jokofu lilikuwa linanguruma, na mimi nikawa nalijibu. Siku nilipojikuta nalishinda kwa hoja nikajua hali si nzuri.

Kisha nikateleza bafuni. Sikuvunjika kitu, lakini sikuweza kuinuka. Nililala pale juu ya vigae, shavu sakafuni, nikisikia simu yangu inaita chumbani, inakata, inaita tena. Mkwe wangu aliporudi jioni alinikuta nimejikojolea. Aliniinua, akaniosha, akanivisha. Halafu akaenda jikoni akafungulia bomba ili nisimsikie analia. Nilimsikia.

Kwa hiyo wazo la kuja huku lilikuwa langu. Langu mimi. Mwanangu alilikataa katakata. Alisema ataacha kazi akae na mimi. Nikamwambia, "Ukiacha kazi, kodi ya nyumba utailipa kwa machozi? Nitafutie mahali penye watu na pasipo na ngazi." Alinuna, akazunguka chumbani kama simba aliyefungiwa, mwisho akakubali kwa sharti kwamba mahali penyewe nipachague mimi, na siku yoyote nikisema basi, ananichukua bila kuniuliza sababu. Huyo ndiye aliyenitupa.

Majirani walewale walinishusha, nikawekwa kwenye kiti cha magurudumu, tukaenda kuangalia nyumba mbili. Wewe unanijua, nimekula chumvi yangu mnadani. Nimenadi makabati yaliyopakwa vanishi kufunika mchwa, na makochi mapya juu, yameoza tumboni. Siwezi kuuziwa kitu kwa sababu tu kinang'aa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na chemchemi ya maji mlangoni, samaki wa rangi ndani ya kioo, na msichana wa mapokezi aliyenukia kuliko maua yaliyokuwa mezani kwake. Nikaomba kwenda chooni. Akanielekeza choo cha wageni. Nikamwambia hapana, nipeleke kile wanachotumia wazee. Akababaika, akaenda kuuliza. Wakati tunamsubiri, kengele ikawa inalia kwenye chumba fulani. Inalia, inalia, na watu wamevaa makoti yao meupe wanapita mbele ya mlango ule kana kwamba ni ndege anaimba. Nikamwambia mwanangu, "Geuza hiki kiti twende zetu."

Nyumba ya pili ndiyo hii. Chemchemi haina. Nguzo za mbele zimebambuka rangi. Lakini tulipoingia, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi anajifunga vifungo vya shati, vidole vinatetemeka. Mhudumu kachuchumaa mbele yake, mikono kaiweka magotini mwake mwenyewe, anangoja. Kifungo cha kwanza kikakosa tundu. Mhudumu hakukigusa. Kikakosa tena. Hakukigusa. Mwishowe kikaingia, mzee akamtolea ulimi kwa ushindi, na yule mhudumu akacheka mpaka akakaa chini. Nikaomba choo. Kilikuwa na maji sakafuni, kinanuka dawa, na vyuma vya kushikia vimelika kwa kushikwa. Nikasema hapa.

Yule mzee wa vifungo siku hizi ni rafiki yangu. Aliendesha treni mpaka alipostaafu, tunamwita Treni. Ukianza kukuna kichwa na kutabasamu, acha mara moja. Ni rafiki wa karata.

Sasa umeniuliza kama pazuri. Nitakuambia kama ninavyonadi kitu mbele ya mnunuzi ninayemheshimu, kwa kukigeuza aone na upande wa nyuma.

Uzuri kwanza. Ukibonyeza kengele wanakuja. Wakichelewa wanakuambia kwa nini. Kabla ya kunigusa wananiambia wanataka kunifanya nini, na mlango wanaufunga. Kuna mama mmoja hapa hawezi hata kujigeuza, miezi yote hii yuko kitandani, na mgongo wake ni laini kama wa mtoto, hana kidonda hata kimoja, kwa sababu kila wakati kuna mtu anakuja kumgeuza na kumpaka mafuta. Nilimwomba muuguzi anionyeshe mgongo ule, mwenyewe mama akaridhia kwa kichwa. Mimi siamini kitu mpaka nikipindue.

Ubaya. Chai yao ni maji yaliyosimuliwa habari za chai. Televisheni ya ukumbini inapiga kelele tangu asubuhi, na anayeishika rimoti ni yule asiyesikia. Nguo zinachanganywa kufuani. Juzi niliwekewa kitandani suruali ya Treni imekunjwa vizuri, na yeye akapelekewa gauni langu la maua. Alilirudisha amelivaa. Wauguzi walicheka hadi mmoja akaomba maji.

Hayo ni madogo. Kulikuwa na kubwa, na nitakusimulia lote bila kuficha, kwa sababu hata hilo nalo shemeji amelipata nusu.

Kwenye kitanda cha jirani na changu analala mama mmoja tunayemwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na kikaondoka na maneno yake. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini mdomo hautoi neno. Macho yake ndiyo yanayosema, na yanasema kwa ukali. Koo nalo limelegea, kwa hiyo analishwa chakula kilichopondwa, kijiko kidogo, ameze, apumzike, ameze tena.

Aliyekuwa akimlisha mchana ni mhudumu mmoja mtu mzima, mama wa watoto wakubwa. Sisi tulimbandika jina la Upepo. Si mtu mbaya. Ila alikuwa anapita mezani kama kafukuzwa. Wazee wa kulishwa walikuwa meza nzima, na yeye peke yake, na sahani zikichelewa kurudi jikoni wanamfokea. Basi anatia kijiko huku, anageuka anatia kijiko kule, anarudi. Nilimwambia mara kadhaa, "Polepole mwanangu, hapo bado hajameza." Ananijibu, "Naona, bibi," na mkono hausimami.

Mchana mmoja kijiko cha pili kilimkuta Mwalimu hajamaliza cha kwanza. Akapaliwa. Si kukohoa, kukohoa kuna sauti. Huyu alinyamaza kabisa, macho yakamtoka, midomo ikaanza kuwa kama zambarau. Upepo alikuwa kageukia upande mwingine. Na mimi niko mwisho wa meza, fremu yangu ya kutembelea imesogezwa mbali ukutani.

Sauti yangu unaijua. Mnadani sikuhitaji kipaza sauti. Niliitoa yote iliyobaki: "Mwalimu hapumui!"

Muuguzi alitoka mbio kwenye chumba cha dawa, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, na tena. Viazi vikatoka. Halafu ikatoka pumzi, mdogo wangu, pumzi mbaya yenye mkwaruzo, na sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Upepo alikuwa amesimama, kijiko bado mkononi, anatetemeka mwili mzima. Hakujitetea. Alisema tu, "Nimemuua? Nimemuua?" mpaka muuguzi akamkalisha.

Msimamizi wetu tunamwita Matroni. Ni mwanamke mnyoofu, amepiga pasi kuanzia kola hadi viatu. Alikuja chumbani kwetu jioni ile kumjulia hali Mwalimu, akaniambia, "Mama, pole kwa mshtuko. Hawa wagonjwa wa kiharusi hupaliwa, ni jambo la kawaida."

Nikamwambia, "Kupaliwa ni kawaida. Kukimbizwa na kijiko si kawaida."

Akasema ameshachukua hatua. Hatua yenyewe: Upepo akapelekwa kufuani, akaletwa mwingine mezani. Huyo mwingine alianza taratibu siku ya kwanza. Siku chache baadaye jikoni wakaanza kumfokea, na mkono wake ukashika kasi ileile. Hapo ndipo nilipoona kwamba tungeweza kubadilisha wahudumu mpaka waishe, na Mwalimu bado angekuja kufa na kijiko mdomoni.

Nilijikokota na fremu yangu mpaka ofisini kwa Matroni. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye mto. Akanisikiliza. Akasema anaelewa, atalifikisha kwa wenye nyumba, watumishi ni wachache, nivute subira. Nilitoka pale nimeheshimiwa sana na sijapata kitu.

Kwa hiyo nikaenda bustanini kwa wenzangu. Niliwaambia nataka tugome kula. Mmoja akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Treni alikuwa anachanganya karata, hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi nimeona watu wakipungia treni mikono, wakipiga mayowe. Treni haisimami. Inasimama kwa breki."

Nikamwambia, "Basi hii ndiyo breki."

Tulikubaliana hivi: wenye kisukari watakula kama kawaida, maana hatukuwa tunacheza mchezo wa kufa. Wa kulishwa nao wataletewa chakula chao. Sisi wengine wote, wanawake kwa wanaume, hatutashika kijiko mpaka Matroni aje amlishe Mwalimu kwa mkono wake mwenyewe, kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho. Usiku, sijui kama niliogopa. Labda niliogopa kidogo. Nilimweleza Mwalimu mpango mzima, nikamwambia kama hataki afumbe macho. Aliyakodoa.

Kesho yake mchana ukumbi ulijaa kama kawaida. Sahani zikapangwa. Supu ikatoa moshi. Na ukiacha wenye kisukari, hakuna aliyegusa. Kimya kile, mdogo wangu! Hata yule asiyesikia alizima televisheni yake, na hakuna aliyemwomba. Mpishi akachungulia dirishani, akatoka, akaonja supu kwa wasiwasi. Nikamwambia, "Supu yako haina kosa, baba. Tuitie Matroni."

Matroni alikuja haraka, viatu vinalia ko ko ko. "Kuna nini hapa?"

Nilisimama. Nilishika fremu nikanyooka, nyonga ya chuma na ile nyingine. "Matroni, hatuna ugomvi na wewe. Tunakuomba ukae pale, umlishe Mwalimu. Akishiba yeye, tutakula sisi."

"Mama, hii si njia ya kuzungumza."

"Ya kuzungumza nilikuja nayo ofisini. Hii ni nyingine."

Aliniangalia. Nikadhani ataita walinzi, au ataita mwanangu, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Akatazama meza zote, nyuso zile zote zenye makunyanzi zimemgeukia. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akanawa, akavuta kiti, akakaa mbele ya Mwalimu.

Kijiko cha kwanza kilienda. Akangoja. Mwalimu anatafuna kitu kisichohitaji kutafunwa, ulimi unakisukuma, koo linapanda, linasita, linapanda tena. Matroni mkono ukaanza kwenda kwenye sahani kabla ya wakati, akajishika. Akangoja. Kijiko cha pili. Tone likateleza shavuni, akalifuta. Cha tatu. Kwenye meza ileile mama mwingine wa kulishwa akaanza kulia njaa, na mwingine anagonga kikombe, na yule mhudumu mpya amesimama katikati hajui aende wapi. Matroni aligeuza kichwa akawaona wote. Nilimwona akiwahesabu kwa midomo. Sahani ya Mwalimu ilikuwa haijafika nusu, na chakula kilikuwa kimeshapoa.

Akaweka kijiko chini. Nilidhani amechoka. Lakini alimwambia yule mhudumu kwa sauti ya chini, ila ukumbi mzima ulisikia: "Kila siku mnafanya hivi peke yenu?"

Yule dada akaitika kwa kichwa.

"Nenda ofisini. Mwite karani. Mwite mtunza stoo. Mwambie na mhasibu afunge mlango wake aje. Wote wanawe mikono."

Wakaja wameduwaa, mhasibu na kalamu yake sikioni. Wakagawanywa kila mmoja na mzee wake. Muuguzi akawaonyesha jinsi ya kushika kijiko, jinsi ya kumwinua mtu kidevu, jinsi ya kungoja. Matroni mwenyewe akaendelea na Mwalimu mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo Treni akaipiga meza ngumi na kusema, "Haya, treni inaondoka," na sisi tukala supu ya baridi, na ilikuwa tamu.

Tangu siku hiyo chakula cha mchana kinaliwa kwa mikupuo miwili. Wa kulishwa wanaanza, sisi tunafuata. Ofisi zinafungwa kwa muda huo, na ukipiga simu haipokelewi. Kama uliwahi kupiga ukakosa jibu ukadhani wamenizika, sasa unajua. Matroni anakuja kila anapokuwa zamu. Hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo na sikuungoja. Alikuja siku moja akakaa kitandani kwangu, akaniuliza, "Bi Mnada, kingine unachokiona ni kipi?" Hilo ndilo jina langu hapa. Nikamwambia chai. Akacheka. Chai bado.

Nilimwomba kingine pia, amrudishe Upepo kutoka kufuani. Alisita. Nikamwambia mtu aliyetetemeka vile hatarudia kosa lile maisha yake. Amerudi. Siku ya kwanza alipokaa mbele ya Mwalimu alikuwa analia kimyakimya huku anamlisha, na Mwalimu akanyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akamshika kifundo cha mkono, hakukiachia mpaka chakula kilipokwisha. Jina la Upepo halimfai tena, lakini limeshaganda.

Na hili lazima nikuambie, utacheka. Sasa hivi wakati Mwalimu anakula huwa nakaa karibu nampigia soga, asipweke. Wiki iliyopita nilikuwa namsimulia mnada wa lile kabati lililokuwa na paka ndani, nimefika pazuri, Mwalimu akaweka mkono mezani, akahangaika na mdomo, shingo ikamkakamaa. Upepo akashtuka akadhani kapaliwa. Wala. Ilitoka sauti nzito, ya kukatika, lakini safi kabisa: "Nyamaza."

Neno lake la kwanza tangu kiharusi! Sote tulipiga kelele, muuguzi akaja mbio, Upepo anaruka. Na mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuninyamazisha, si mume, si polisi wa soko, nilinyamaza, nikatokwa na machozi.

Mdogo wangu, usidhani huku ni vicheko tu. Kitanda cha karibu na mlango kimebaki wazi. Aliyekuwa analala pale alifariki mwezi uliopita, mchana, mvua inanyesha. Niliangalia kwa makini sana walivyomfanyia, kwa sababu nilikuwa naangalia yatakayokuwa yangu. Walimwosha uso, wakamchana nywele, wakamlowesha midomo kwa pamba. Muuguzi alivuta kiti akakaa, akamshika mkono, hakuondoka, hata kengele nyingine ilipolia alimwita mwenzake. Alipokata roho hawakumkimbiza nje kama kitu cha aibu. Walitusubiri, kila aliyetaka akaenda kumuaga, wengine kwa fremu, wengine kwa viti vya magurudumu. Mimi niliaga, nikarudi kitandani, nikalala usingizi mzuri. Unanielewa? Nilipata usingizi.

Zipo siku naikumbuka nyumba yangu ya zamani. Nakumbuka sufuria zangu. Ningekuwa na miguu ya kale nisingekuwa hapa hata kwa dawa. Lakini miguu ninayo hii, na kwa miguu hii, hapa pananifaa.

Sasa tufike kwa mwanangu. Ujumbe uliomwandikia nimeuona. Hakunionyesha yeye, mkewe ndiye aliyenionyesha, kwa siri, kwa kuwa mumewe alikuwa hapati usingizi. Umemwambia hana haya. Umemwambia maziwa niliyomnyonyesha yamepotea bure. Mdogo wangu, huyu unayemsema anakuja kila Jumamosi akitoka zamu, bado ana vumbi la kiwanda kwenye nyusi. Anaweka miguu yangu kwenye beseni la maji ya moto, anaikausha, ananikata kucha za vidole ambavyo mimi mwenyewe sivifikii tena. Kisha anakata na za Mwalimu. Hajawahi kusema lolote kuhusu maneno yako, lakini tangu ayasome akiingia hapa anatembea kama mtu aliyekuja kuomba radhi, na anatazama wahudumu kwa aibu, na mimi sipendi kumwona mwanangu hivyo.

Wewe ni mama yake mdogo. Ulimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na neno lako kwake ni zito kuliko la shemeji, kuliko la mtu yeyote, labda hata kuliko langu. Umemkosea. Mpigie simu leo, usingoje kesho, na usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Mwambie umekosea, halafu muulize habari za kazi, halafu mchekeshe. Ukishindwa kumchekesha, msimulie suruali ya Treni.

Tiketi uliyotaka kunikatia mimi, jikatie wewe. Njoo. Magoti yakikusumbua, kiti cha magurudumu tunacho, nitamwambia Treni akusukume. Ila usitoe taarifa kwa mtu, wala kwa Matroni, wala kwa mwanangu, wala usiniambie mimi nikakufanyia mapokezi. Ingia tu mlangoni saa ya chakula cha mchana, omba choo cha wazee, simama ukumbini usikilize. Kisha uamue mwenyewe kama dada yako ametupwa. Ukiona ametupwa, nafunga mzigo wangu siku hiyohiyo naondoka na wewe, na sitabisha.

Nisalimie binti yako na mume wake, nibusie mapacha, mbele na kisogoni. Msalimie jirani yako anayekufungulia makopo. Shemeji ukizungumza naye, mpe salamu zangu na umsomee barua hii yote, kuanzia mwanzo. Huku mwanangu, mkwe wangu na mjukuu wanakusalimu, maana naamini mtakapokuwa mmeshazungumza kwenye simu watakusalimu kweli.

Mungu akuhifadhi uendako na urudiko, akupe usingizi usio na maumivu na watu wa kukusikiliza. Na akujalie, ukifika umri wangu, uwe na kitanda cha kukutosha na jirani wa kumpigia soga.

Nabaki mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bi Mnada